Chumba cha Wapitaji Kiwe Bafu

Fungua daftari lako, mama Imakulata, na kabla ya neno lingine lolote andika kwamba leo ni Jumatano, tarehe kumi na moja mwezi wa nane, mwaka 1954, saa nne ya asubuhi, na kwamba anayesema ni Tobias Lugembe wa Itetemia, ambaye nyonga yake imevunjika lakini akili yake ni nzima. Hilo la akili liandike kwa herufi kubwa, maana mdogo wangu Masele amekaa hapa miguuni pangu na uso wa mtu anayengoja nimalize ili awaambie wengine kwamba mzee alikuwa anaweweseka. Siweweseki. Jana nilikuwa na homa, leo sina.

Ninyi wengine kaeni. Damas, acha kusimama mlangoni kama mkata tiketi, hapa si stesheni. Kaa karibu na dada yako. Katarina, weka chini kikombe hicho cha uji, nitakunywa nikimaliza, na nisipokunywa wape kuku. Mke wako, Damas, atabaki humo alimo, katika chumba cha wageni, mlango ukiwa umerudishwa nusu, kwa hiyo ananisikia na simwoni, kama ilivyokuwa miaka mitatu yote tangu ulipomleta kutoka Ipole. Nimemchagua yeye aandike kwa sababu katika nyumba hii ndiye aliyesoma kwa masista mpaka darasa la nne, na ndiye asiyeongeza maneno yake katika maneno ya mtu.

Najua mlichokubaliana jana mkidhani nimelala. Mfuko wake umekwisha kufungwa. Kesho Katarina atamrudisha kwa wazazi wake pamoja na Imakulata, mtoto wa wiki tano, na huko atadai mbuzi wa kunitakasa, kwa kuwa Flavia amefungua bafu alimo baba mkwe wake, akamwona uchi, na baada ya kumwona akamwacha chini akakimbia. Ndivyo mnavyosema hapa uani, ndivyo wanavyosema kisimani, na nimesikia Jumapili mliyasema hata kwenye ngazi za kanisa, mkiwa na rozari mikononi. Basi sasa nyamazeni niseme mimi, niliyekuwa ndani ya bafu hilo.

Andika na desturi yetu, mama Imakulata, ili hata atakayesoma bila kutujua aelewe. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani usoni, hawali sahani moja, hawapishani penye njia nyembamba. Na nyumba hii ina bafu moja tu, lile la matete pale uani, lenye mawe matatu bapa ya kusimamia na gunia la kufunika mlango. Kwa hiyo tuliwekeana alama. Yeye akiwa ndani hutundika khanga juu ya matete, nami nikiiona narudi kibarazani kukaa, hata kama maji yangu yanapoa. Mimi nikiwa ndani huegemeza mkongojo wangu kwenye nguzo ya nje, naye akiuona hasogei. Miaka mitatu khanga na mkongojo vilisemezana kwa niaba yetu, na haikutokea hata siku moja tukakutana.

Jumamosi ile hamkuwapo. Damas ulikuwa kazini, Katarina ulikuwa kwako Nzega, na wewe Masele nadhani ulikuwa njiani kutoka Lusu ukirudi kula. Asubuhi ilikuwa ya baridi, magoti yalinikataa, mawe yalikuwa na utelezi wa sabuni, nami nikaingia bafuni na mkongojo wangu. Mmesikia? Niliingia nao. Nguzo ilibaki tupu. Mkwe wangu akaja na ndoo ya maji ya moto ya kumwogeshea mtoto, mtoto mwenyewe yuko mgongoni, akatazama nguzo kama tulivyokubaliana, akaona hakuna kitu, na hata hivyo akapiga hodi. Mimi nami, badala ya kukohoa tu kama mtu mzima, niliruka kutafuta shuka, nikakanyaga jiwe la katikati, nikaanguka, na nyonga ikalia kama ukuni mkavu. Hakugusa gunia la mlangoni. Hakuniona hata kidole.

Akaita, "Baba! Baba, umeumia?" Nikasema sijaumia. Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, maana kwa kawaida huongea kama anayemwamsha mtoto mchanga, akasema, "Baba, nikifumba macho nikaingia, utanishika mkono?" Nami nikamkaripia, "Usiingie! Ukiingia humu nitakulaani wewe na huyo uliyembeba." Nililisema mimi neno hilo, kwa kinywa hiki. Je, angefanya nini? Aliweka ndoo chini, akavua khanga ya mabegani akairusha juu ya matete ili nijifunike, akakimbia na mtoto mgongoni mpaka kwa jirani yetu mama Amne, akakuta mama Amne ameenda shambani, akakimbia mpaka shambani. Waliporudi na wanaume jua lilikuwa limepanda, na mimi nimelala juu ya mawe natetemeka, nimejifunika khanga ya mke wa mwanangu. Hiyo ndiyo safari yake mnayoiita kunikimbia.

Siku kumi na moja nimewaacha mseme. Mtaniuliza kwa nini. Nilinyamaza kwa sababu ya aibu. Mimi niliyebeba pembe za ndovu kutoka Ujiji hadi pwani mara mbili, kovu la mzigo bado liko begani, nikiri mbele ya watu kwamba nimevunjwa na hodi ya msichana? Nikaona afadhali lawama aibebe yeye, ni kijana, ana mgongo wenye nguvu. Nimeona wapagazi wengi wakimtwisha mdogo mzigo wao pale njia inapopanda mlima, nilikuwa nawadharau, na sasa nimefanya kama wao.

Nasikia penseli imesimama. Mama Imakulata, kwa nini umesimama? Umefika mahali unaposifiwa ukaona haya, unataka kupapita kimya. Rudi uandike yote: nguzo ilikuwa tupu, akapiga hodi, hakuingia kwa kuwa nilimkataza. Na andika kwamba mbuzi kweli atatoka, lakini atatoka hapa kwenda Ipole. Damas, mchukue yule beberu mweusi umpeleke wewe mwenyewe kwa baba mkwe wako, usimtume mtu, na ukifika useme mbele ya watu wake haya niliyoyasema. Masele, usitikise kichwa. Beberu ni wangu, nilimlea kwa chupa.

Sasa niwaambie habari ya chumba. Jumatatu nilipowauliza kama chumba cha wageni kifanywe bafu la pili, mliruka wote kana kwamba nimewaambia tuuze kaburi la mama yenu. Masele ukasema, "Kaka, chumba cha wageni ndiyo heshima ya ukoo, nyumba isiyo na chumba cha wageni ni banda la kuku." Kisha ukasema, "Na mtu aoge ndani, ukuta mmoja na mahali tunapokula ugali? Nani amesikia jambo hilo?" Wewe Masele kila mwaka baada ya mavuno unakuja kukaa wiki mbili, unakaa miezi miwili, na mara ngapi nimekuona ukiingia kwenye lile bafu la matete? Wewe bafu halikuhusu, liwe ndani, liwe nje. Unasema ulisaidia kujenga chumba hicho. Ulifyatua matofali kumi na mawili na manane yakapasuka, mama wa hawa, Apolinaria, alicheka mpaka akakaa chini. Usinitazame hivyo, mdogo wangu, leo nasema kila kitu.

Katarina ndiye aliyenigusa. Alisema, "Baba, si wewe mwenyewe uliyeapa?" Ni kweli, niliapa. Ninyi mnaijua nusu ya habari, kwa sababu hata mimi nilikuwa naikumbuka nusu. Nilikuwa kijana, ndevu hazijaota, nimebeba mzigo wa nguo katika msafara unaorudi kutoka pwani, na tulipofika Ugogo nikashikwa na ndui. Msafara haukumngoja mgonjwa wa ndui. Waliniacha kando ya njia na kibuyu cha maji, nikawasikia wakiimba wimbo wa safari mpaka sauti ikapotea. Mwanamke mmoja wa Kigogo, ambaye jina lake silijui mpaka leo, aliniburuta kwa ngozi ya ng'ombe akaniingiza katika nyumba yake ya tembe, kwenye chumba cha nyuma, akaniuguza mpaka makovu haya mnayoyaona usoni yakakauka. Siku niliyosimama tena niliapa kwamba nikijenga nyumba, itakuwa na chumba kisicho cha mtu, cha mpitaji yeyote atakayetokea njiani akiwa amechoka au anaumwa.

Nikajenga, baada ya vita ile ya Wajerumani na Waingereza, hapa hapa ambapo njia ya zamani ilipita. Mwanzoni walikuja, watu wa Ujiji, Wamanyema, vijana wanaotembea kwenda mashamba ya mkonge. Mama yenu alikuwa haepui sufuria mekoni. Lakini treni haisimami Itetemia, na siku hizi hata mabasi yanatupita na vumbi lake. Mara ya mwisho mtu nisiyemjua kulala katika chumba hicho, Damas alikuwa hajabatizwa. Sasa humo wanalala magunia ya karanga, madebe ya asali, na Masele.

Nami nimelala hapa sebuleni siku kumi na moja nikimkumbuka yule mwanamke, na wanangu, kitanda chake sikikumbuki. Hata sijui kama kilikuwapo. Ninachokumbuka ni maji. Kila asubuhi alinimwagia maji ya vuguvugu yaliyochemshwa na majani machungu, nyuma ya kiambaza cha fito, mahali ambapo hakuna aliyeniona, nami nina madonda mwili mzima na harufu iliyowafanya watoto wake waizunguke nyumba kwa mbali. Hakuwa mama yangu, hakuwa mke wangu. Aliniosha mpaka nikaona tena kwamba mimi ni mtu. Kisha nikarudi huku kwetu Unyanyembe nikasimamisha kuta nne na kitanda cha kamba, nikajisifu kwamba nimetimiza kiapo. Nilikumbuka paa nikasahau maji. Kwa hiyo, Katarina, sivunji kiapo. Nilikuwa nimekivunja miaka thelathini na mitano, leo ndiyo nakitengeneza.

Mama yenu aliniomba mara moja tu. Alisema, "Baba Katarina, tuweke sakafu ya saruji kwenye chumba kile, wanawake waoge ndani." Nikamwuliza, "Na mpitaji akija?" Hakuniomba tena. Alipougua, mliona wenyewe, alikuwa akiogeshwa uani nyuma ya mkeka ulioshikwa na wanawake wawili, upepo wa mwezi wa saba ukiupeperusha, na chumba hicho kitupu, kimefagiliwa, kinamngoja mtu ambaye hakuja. Nami niliona ni sawa. Nilikaa kibarazani, nikaona ni sawa kabisa.

Na mwezi uliopita mama yake Flavia alitembea kutoka Ipole na mzigo wa asali kichwani ili amwone mjukuu wake. Tulimpa chumba cha wageni, tukampa kitanda, Masele akahamishwa kwa nguvu. Lakini mkwewe Damas alikuwa hapa, na mimi niko hapa, na bafu ni moja, basi yule mama alikuwa anangoja Damas aende kazini na mimi nilale mchana ndipo aoge mbio mbio kama mwizi. Alikusudia kukaa mwezi mzima, siku ya tatu akaaga, akasema ameacha kuku. Si kuku waliomfukuza hapa. Alifukuzwa na heshima yetu, sisi tunaosema tuna chumba cha wageni. Mgeni gani huyo unampa kitanda na kumnyima mahali pa kunawa mwili?

Masele atasema mzee akifa, aibu ya bafu imekwisha. Haijaisha. Damas, kesho na wewe utakuwa baba mkwe. Utakuwa na magoti kama yangu, na binti wa watu atakuwa anatazama nguzo yako.

Na wewe Damas, niseme nawe, maana siku hizi zote hukunena. Kati ya dada yako na mke wako umekuwa kama geti la reli lililokwama, halifunguki huku wala kule. Ulimjua mke wako. Ulijua hawezi hata kupita mbele ya kuku wangu bila kuinama. Ukanyamaza, kwa sababu ulidhani kunyamaza ni kuniheshimu. Nami nilinyamaza, kwa hiyo simlaumu mwingine, umerithi kwangu. Basi urithi huo naurudisha kwangu, nitazikwa nao. Kuanzia leo mkeo akisingiziwa, sema. Hata ukikosea, sema.

Nipe maji kidogo, Katarina. Uji sitaki. Maji.

Fundi Kornel yuko nje, nimemwita mimi mwenyewe kupitia kwa mama Amne, na ana sururu yake. Andika anachotakiwa kufanya, asije mtu akambadilishia. Chumba hicho kina mlango mmoja tu, huu unaotokea hapa sebuleni. Kornel atatoboa ukuta wa upande wa uani, aweke mlango mpya huko, kisha auzibe huu, ili mtu asipite mbele ya wanaokula akiwa na miguu iliyolowa. Sakafu iwe ya saruji, iteremke kuelekea nyuma, na maji yatoke kwa bomba mpaka kwenye migomba, kama alivyoonyesha bwana afya. Dirisha lipandishwe juu kuliko kichwa cha mtu mrefu. Ndani awekee kikalio cha matofali, cha mzazi, cha mgonjwa, cha mzee. Na mlango uwe na komeo la chuma kwa ndani, komeo zuri, ili pasiwepo tena mtu wa kutegemea khanga au mkongojo. Lile bafu la matete libaki la wanaume, ila yale mawe yang'olewe.

Sitangoja nife ndipo ifanyike. Nawajua. Mtanizika, mtakaa matanga, Masele atalala humo kwa huzuni, na mwaka ujao kitanda bado kipo. Nataka nisikie ukuta ukianguka kwa masikio yangu mwenyewe. Atakayeuziba tena, azibe akijua kwamba Tobias Lugembe alikataa, na alikataa akiwa na akili zake.

Vilivyobaki ni vichache. Mizinga ya nyuki iliyo katika msitu wa njia ya Ipole ni ya Damas na mkewe, kwa kuwa mkwe wangu anaijua kazi ya asali kuliko ninyi nyote. Shamba la karanga ni la Katarina, mwanangu, hata kama leo nimekukaripia. Usilie. Ulikuwa unanitetea mimi, ila ulinitetea kwa uongo niliouacha utembee. Ninachotaka kwako ni kwamba mfuko ule ulioufunga jana uufungue kwa mikono yako, na nguo za mtoto uzikunje upya mahali zilipokuwa. Nyumba ni ya Damas, lakini hakuna mtu wa damu yangu atakayelala nje ya nyumba hii akiwa hana pake. Masele, mdogo wangu, kitanda cha kamba cha chumba hicho ni chako. Umekizoea. Kibebe ukakilalie Lusu, na ukija kututembelea utalala hapa sebuleni, mahali hapa nilipo, panafaa, hapana kunguni. Cheka. Mama Imakulata, andika kwamba Masele amecheka.

Mkongojo wangu msimpe mtu. Ukatwe vipande, uwe kuni za kupashia maji ya kwanza yatakayoogwa humo.

Na mimi... mkija kuniosha, msinioshe uani nyuma ya mkeka kama mama yenu. Niosheni humo. Saruji ikiwa imekauka, sawa. Kama bado, hata kwenye udongo. Nitakuwa mpitaji wa mwisho wa chumba hicho.

Sauti inaniisha. Sogeeni. Mungu wa ubatizo wangu, na wazee wangu waliotembea njia hii wakiwa na mizigo, wawape ninyi mizigo myepesi. Watoto wenu wasiachwe njiani. Mkiumwa, apatikane mtu wa kuwamwagia maji, hata asiyejua jina lenu... Katarina, nakubariki. Damas, nakubariki, na ulimi wako ufunguke. Masele... na wewe, basi. Laana niliyoitamka bafuni naifuta. Juu ya mtoto, na juu ya mama yake. Imefutika. Andika.

Kornel! Uko hapo nje? Anza.

...Hiyo ndiyo ya kwanza. Ngumu kweli, matofali yangu hayo. Piga tena.

Mtoto anakohoa. Mama Imakulata, toka humo, vumbi litamkaa kifuani... Najua. Mlango ni huu mmoja, na mimi nimelala mbele yake nimeuelekea, na kugeuka siwezi tena. Usiogope. Siku ile ulisema wewe utafumba macho, nikakukataza. Leo acha nifumbe mimi. Mbebe mtoto... daftari lisibaki. Usikimbie. Pita polepole, kama mtu wa nyumba hii.

Nimefumba. Pita, mwanangu.